Jina Jipya, Deni la Kale

Katika Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, nimewasikia wahubiri wa mchana wakinadi kwamba aliyeokoka amezaliwa mara ya pili. Wenzangu wa pwani hucheka: jana Kamau, leo Yohana!

Tusicheke upesi. Uamsho uliotoka Rwanda ukafika Kabete, magharibi ya jiji, mwaka 1937, haukutosheka na jina. Aliyeokoka aliungama mbele ya watu, akarudisha alichoiba, akalipa madeni.

Nasi je? Tulifunzwa chuoni kwamba toba haitimii mpaka haki ya mja irudi kwa mwenyewe. Itikadi zetu ni mbali mbali, lakini dhuluma ni dhuluma. Jina ni kama kanzu, ndugu msomaji: hata mwizi huivaa.