Ati Sistimu Imebadilisha

Tuanze na neno lenyewe: kuhifadhi. Ukihifadhi kitu, kinakaa. Mahindi hukaa ghalani, pesa za chama hukaa kwa mweka hazina (tuseme hivyo), na hata maiti mochari hangoji kusogezwa bila jamaa kupigiwa simu. Ni kwa kampuni za ndege peke yake ambapo kitu kilichohifadhiwa hutembea usiku. Unalala na 4C, unaamka na 11A. Hakuna aliyekuuliza, na kibaya zaidi, hakuna aliyekwambia.

Wanaosafiri mara moja kwa mwaka huona hili ni jambo dogo. Kiti ni kiti, si utafika tu? Sisi wa njia ya Lodwar na Nairobi, tunaopanda ile ndege ya pangaboi kama wengine wanavyopanda mathree, tunajua si dogo. Na mnafahamu kwa nini tunapanda. Barabara ni kupitia Kitale, Kapenguria, Marich, Kainuk, Lokichar, usiku mzima na sehemu ya mchana, na Kainuk si jina unalolitamka kwa furaha ukiwa ndani ya basi saa nane za usiku. Kwa mgonjwa, ndege si anasa.

Mamangu alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Kila baada ya miezi michache nampeleka kliniki Nairobi, na kila mara nalipia viti viwili vya mbele vilivyo pamoja, chake kikiwa kando ya njia ili anyooshe mguu. Nimelipa mara nyingi hadi nikapewa kadi ya mteja mwaminifu, yenye pointi na jina langu kwa herufi za dhahabu. Safari yetu ya mwisho, viti vyetu havikuwa vyetu. Mama alikuwa amewekwa dirishani, safu ya pili kutoka nyuma. Mimi nilikuwa safu tano mbele yake. Nikamwonyesha mhudumu ile barua pepe ya malipo. Akaitazama kwa huruma ya kweli, maanake naye ni mtoto wa watu, akasema, "Pole madam, si sisi. Sistimu imebadilisha."

Mama akauliza, "Huyo Sistimu anakaa wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Kijana mmoja mrefu wa safu ya tatu, ambaye hakumjua mama wala mimi, alisimama akasema mama akae pale, kisha akaenda kujikunja nyuma magoti yakiwa karibu na kidevu. Abiria wa pembeni yake akakubali kubadilishana nami. Dakika moja na nusu, imeisha. Kompyuta ya mamilioni ilishindwa na kazi ambayo vijana wawili waliimaliza kwa kutazama tu mguu wa mama.

Sasa najua jibu mtakalotoa. Mtasema ndege ilibadilishwa: iliyopangwa ilikuwa ya viti 50, ikaja ya 37, sistimu ikawapanga watu upya. Mtasema uzito. Haya, hayo nayakubali. Joto la Lodwar likipanda, hewa huwa nyepesi na ndege hunyanyuka kwa taabu. Na ndege ndogo lazima ipangwe ili isielemee upande mmoja. Rubani akiniambia nihamie nyuma kwa sababu ya mizani, nitahama kabla hajamaliza sentensi. Napenda kuishi. Lakini rubani huyo atakuwa ameniambia. Na kuna siku ambazo mizani si sababu, bana, tusidanganyane. Ni siku ambazo mheshimiwa ameingia dakika za mwisho na walinzi wake, na ghafla safu ya mbele imefanyiwa mabadiliko ya kiufundi.

Nendeni stendi ya Lodwar muone gari za Kakuma. Ni kilomita kama 120. Karani ana daftari lililochakaa na kalamu ya kufungwa kwa uzi. Anaandika jina lako na nambari ya kiti, na nambari hiyo inaheshimiwa kuliko kadi yangu ya dhahabu. Sisemi wale ni malaika. Konda atawaambia msogee kidogo, hiki kiti ni cha watu wanne, na wewe unahesabu unaona watatu wamejaa tayari. Lakini akitaka kiti chako anakuja mbele yako: "Auntie, naomba umpishe huyu mwenye mtoto mchanga, wewe nitakuweka hapa." Unaweza kukataa. Unaweza kudai upunguziwe nauli. Unaweza kumtukana kidogo, na huwa wanatukanwa. Kuna mtu wa kuzungumza naye. Kwenu kuna Sistimu.

Na sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu alicholipia, na haki ya fidia akipata hasara. Kifungu cha 54 kinazungumzia watu wenye ulemavu na usafiri wa umma. Sheria ya Kulinda Wateja ni ya 2012. Nyinyi mna masharti ya tiketi, yale maandishi ya mchwa, yanayosema kampuni inaweza kukuhamisha wakati wowote, hata ukishaketi. Sawa. Basi msiuze nambari. Huwezi kuniuzia 4C kwa bei yake, halafu ukaniambia 4C ilikuwa tamaa tu. Marekani, ambako hakuna anayewashuku kwa kuwapenda maskini, idara ya uchukuzi ilitoa kanuni mwaka 2024: abiria akilipia kiti cha kuchagua na asikipate, arudishiwe ada hiyo. Mimi hadi leo sijarudishiwa hata ya sabuni.

Kuna watu Kakuma ambao wakisoma haya watanicheka, na wana haki. Januari 2025, Rais Donald Trump aliposimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi, safari zilizokuwa zimepangwa zilifutwa. Watu waliosubiri miaka, wakahojiwa, wakapimwa afya, wakagawa vyombo vyao kwa majirani, wakabaki na mifuko iliyofungwa. Silinganishi kiti cha mamangu na hilo. Nasema tu kwamba ukitoka Turkana, umeshazoea kuwa na jina kwenye orodha inayoshikwa na mtu wa mbali, na unajua ni nani huambiwa mwisho. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa kuliko kiti. Mtu anayelipa pesa zake mwenyewe hastahili kusafirishwa kama gunia la msaada.

Na ninachotaka si kikubwa. Mkibadilisha kiti, tumeni ujumbe kabla sijaondoka nyumbani, na mseme sababu. Nilicholipia zaidi kirudi kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, bila fomu ya kurasa tatu. Aliyesema ana mgonjwa asihamishwe mpaka binadamu mwenye jina ampigie. Wala msiniambie ni gharama. Nambari yangu ya simu mnayo: jana saa tatu usiku mmenitumia ofa ya Mombasa, na leo asubuhi mkanikumbusha.