Tuta Moja, Kozi Mbili

Mwanafunzi wa uzamili wa uhandisi ujenzi anayebobea katika usafirishaji husoma kozi ya usanifu wa tabaka za barabara, kisha kozi ya usalama na mwenendo wa magari. Mwalimu huyu, mwalimu yule. Mtihani huu, mtihani ule. Masumbwe, wilayani Mbogwe, kozi hizo mbili zinakutana juu ya tuta moja.

Barabara itokayo Kahama kwenda Ushirombo hadi Rusumo inapita mjini humo. Semi za Kigali na Bujumbura zinagombania lami ileile na mtoto wa shule, na bodaboda aliyefunga viroba vya mawe ya dhahabu akiwahi karasha la kuyasaga. Weka tuta, mtoto anavuka salama. Lakini semi inayokanyaga breki kabla ya tuta inakawia juu ya lami, na lami iliyopigwa na jua la mchana haistahimili mzigo unaokawia: inabonyea kwenye mapito ya tairi, inavimba pembeni, na mvua ikinyesha maji yanatuama humo. Basi ondoa tuta, tuone nani atavuka.

Swali hilo ni la uzamili hasa, kwa kuwa halina jibu kwenye jedwali.

Hata jedwali lenyewe tumelirithi. Majaribio ya barabara ya AASHO yaliyofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, ndiyo yaliyozaa kanuni kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 kuhusu uzito wa magari, iliyoanza kutekelezwa Tanzania Machi 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Ipakie tani 12, na madhara yanafika maradufu. Kwa dereva ni tani mbili tu, kwa barabara ni lori la pili. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Ila Illinois waliipimia juu ya udongo unaoganda kwa baridi. Ukanda wa Shinyanga na Geita una udongo mweusi wa mbuga, unaovimba mvua zikija na kupasuka kiangazi. Nani aikague kanuni hii ngeni kwenye udongo wetu, kama si mwanafunzi wetu?

Kwa mtafiti, Dar es Salaam ina mvuto wake, na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016 yanastahili kuchunguzwa. Yako jirani na chuo, daladala moja umefika. Masumbwe iko zaidi ya kilomita 900, na mwanafunzi mwenye ajira na familia hawezi kulipia mfukoni mwake vijana wa kuhesabu magari usiku na mchana, achilia mbali kuchimba sampuli za udongo. Kwa hiyo anaandika juu ya foleni aliyomo. Simlaumu.

Ninachodai ni cha wasimamizi na wenye fungu. Msimamizi akubali tasnifu moja yenye wasimamizi wawili, wa lami na wa usalama, juu ya mji mmoja wa njia ya malori. Na tozo ya mafuta, ambayo ndiyo inayolipia viraka vya kila mwaka, imege sehemu ndogo ilipie kazi ya uwandani ya wanafunzi hao, kwa sharti kwamba takwimu zao zikabidhiwe wakala za barabara, TANROADS na TARURA, kabla hazijajaladiwa na kufungiwa maktaba.