Maoni Yetu: Shabiki ana haki ya kudai hesabu

Tarehe 23 Desemba 2025 Léopards, timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walianza CAN, Kombe la Mataifa ya Afrika, mjini Rabat dhidi ya Benin. Siku nne baadaye, mjini Tangier, walikutana na Senegal. Hapa Kampene, eneo la Pangi mkoani Maniema, jina hilo bado linauma. Kwenye kumbi za video, kwenye vituo vya pikipiki, hata kule machimboni, hakuna aliyesahau tarehe 9 Septemba 2025. Tulikuwa kileleni mwa kundi letu la kufuzu Kombe la Dunia, tuko nyumbani, uwanja wa Martyrs umejaa, tunaongoza 2-0 kwa mabao ya Cédric Bakambu na Yoane Wissa. Tukafungwa 3-2. Bao la mwisho liliingia dakika ya 87. Kundi lilipomalizika, Senegal ilikuwa na pointi 24, sisi 22.

Jioni ile viti viling'olewa Kinshasa. Kwingine watu walimtukana kocha, wakawatukana wachezaji, wengine wakaapa kwamba hawatatazama tena. Sisi tunasema wazi: kung'oa viti lilikuwa kosa, lakini hasira yenyewe ilikuwa halali. Na hasira halali isipopewa pa kwenda huishia kwa mtu asiyehusika.

Anayeishangaa hasira hiyo hajui ina umri gani. Nchi hii ilichukua Kombe la Afrika mwaka 1968, ikalichukua tena 1974, mwaka ambao Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika CAN moja, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia. Mwaka huohuo tukawa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Tulifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil, tukarudi nyumbani, na kwa zaidi ya miaka hamsini hatukurudi huko. Mtu aliyesikiliza mechi zile redioni akiwa mtoto wa miaka kumi leo ana wajukuu. Katikati hapo kulikuwa na nafasi ya tatu Afrika, 1998 na 2015. Kila mara tuliambiwa timu inajengwa upya.

Kisha tukaanguka kabisa. CAN ya 2021 hatukufuzu. Gambia na Gabon zilitupita. Machi 2022 Morocco ilitutoa kwenye mchujo wa Kombe la Dunia: 1-1 Kinshasa, 4-1 Casablanca. Miezi mitatu baadaye Gabon ikatufunga nyumbani, Sudan ikatufunga kwao, na kocha Héctor Cúper akaondoka. Agosti mwaka huo akaja Sébastien Desabre, Mfaransa, akakabidhiwa timu iliyokuwa mkiani mwa kundi lake la kufuzu CAN bila pointi hata moja.

Yaliyofuata yanapaswa kusemwa taratibu, maana ndiyo sehemu ambayo mashabiki wengi tunairuka. Kufikia Septemba 2023 timu ile ya mkiani ilikuwa ya kwanza katika kundi. Kwenye CAN iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024 ilitoka sare mechi zote tatu za kundi, ikaitoa Misri kwa penati, ikaifunga Guinea 3-1, ikamaliza ya nne. Katika nusu fainali wachezaji walisimama wakati wa wimbo wa taifa wameziba midomo kwa mkono mmoja, vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kichwani kama bunduki, ili dunia ione kinachotendeka mashariki mwa nchi. Sisi wa mashariki tuliiona ishara ile tukajua imefanywa kwa ajili yetu.

Ndipo ikaja Septemba na Senegal. Sauti za kutaka kocha afukuzwe zilisikika kote. Hakufukuzwa. Tarehe 13 Novemba, mjini Rabat, Chancel Mbemba akaifunga Cameroon katika dakika za nyongeza. Siku tatu baadaye Nigeria ilitangulia kufunga, Meschack Elia akasawazisha, mechi ikaenda kwenye penati, kipa Timothy Fayulu aliyeingizwa dakika za mwisho kabisa akaokoa mikwaju, na Mbemba akapiga ule wa ushindi. Hivyo tukapata nafasi kwenye mchujo wa Machi 2026 nchini Mexico. Kama hasira ya Septemba ingesikilizwa hadi mwisho, Novemba ile timu ingeingia uwanjani na kocha mgeni aliyekuwa bado anajifunza majina ya wachezaji. Kulinda uongozi wa mabao mawili ni kazi ya kocha, na Desabre anastahili kulaumiwa kwa siku ile. Kulaumiwa na kufukuzwa ni mambo mawili tofauti, na viongozi wa mpira wetu kwa miaka mingi wameyachanganya ili lawama zisiwafikie wao.

Hapo ndipo hoja yetu ilipo. Shabiki anaombwa uvumilivu kila mwaka, lakini ni mara chache sana anaelezwa anavumilia nini. Marekani, katika mchezo wa besiboli, timu ya Chicago Cubs ilikaa bila ubingwa tangu 1908. Mwishoni mwa 2011 ilimwajiri mkuu mpya wa shughuli za besiboli, Theo Epstein, na nia ya kujenga kuanzia kwa vijana haikufichwa. Msimu wa 2012 walipoteza mechi 101. Mashabiki walinung'unika, wengine wakaacha kwenda uwanjani, lakini waliokuwa wanafuatilia waliweza kuwataja vijana waliokuwa wanapandishwa na walijua ni lini wanatazamiwa kufika. Ubingwa ukaja 2016. Sisi hatuna utaratibu wao, ambapo timu dhaifu hupewa nafasi ya mapema ya kuchagua vijana bora. Kumweleza shabiki ukweli, hata hivyo, hakuhitaji fedha za Chicago.

Mchimbaji wa hapa Kampene anajua kungoja kuliko mtu yeyote. Anaweza kuchimba miezi bila kuona dhahabu, na familia ikaendelea kumpikia, kwa sababu kila jioni wanaweza kwenda kuona shimo limefika wapi. Shabiki wa Léopards naye anataka kuonyeshwa shimo.

Na tukiangalia kwa macho makavu, ni ujenzi gani umefanyika? Timu ya taifa imejengwa upya, ndiyo, na kwa sehemu kubwa imejengwa kwa wana wetu waliolelewa Ulaya. Aaron Wan-Bissaka alizaliwa London. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, akakulia Uingereza. Ni wetu, na yeyote anayewaita wageni siku wakikosea anajidhalilisha mwenyewe. Wamekuja kubeba jezi ya nchi yenye vita ilhali wangeweza kukaa walipo. Lakini wao walifundishwa mpira kwenye viwanja vya watu wengine, kwa fedha za watu wengine. Tukiwategemea hao peke yao, mtoto wa Pangi mwenye kipaji atabaki kuwa mtazamaji.

Mpira wa nyumbani ndio timu yetu inayofungwa kila mwaka, na huo hakuna aliyeanza kuujenga. Msimu wa 2022-23 wa Linafoot, ligi kuu ya nchi, ulikatika bila bingwa. FIFA ililazimika kuiweka FECOFA, shirikisho letu la mpira, chini ya kamati ya muda. Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu Februari, miji miwili iliyokuwa ikitoa wachezaji na klabu kwa mashariki yote. Hatuwezi kudai ligi ya kawaida kwenye mji unaolala kwa milio ya risasi. Tunaweza kudai kwamba mikoa ambayo bado ina utulivu, Maniema ikiwa mmojawapo, isiachwe ikingoja vita viishe ndipo ipewe mashindano ya vijana.

Tuna mfano wetu wenyewe. AS Maniema Union, klabu ya Kindu, ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024-25. Katika mechi ya kwanza ilikwenda Pretoria na kutoka 0-0 na Mamelodi Sundowns, timu yenye bajeti ambayo klabu zetu haziwezi hata kuiota. Mwishoni ilimaliza mkiani mwa kundi, nyuma ya Sundowns, AS FAR na Raja. Kwa hilo hatuwalaumu wachezaji wala benchi lao. Tunauliza kwa nini mechi zao za nyumbani zilichezwa Kinshasa. Kindu haikuwa na uwanja uliokubaliwa na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, kwa hatua hiyo, basi klabu ya Maniema ikapokea wageni ng'ambo ya pili ya nchi. Shabiki wa Kampene aliyetaka kuiona kwa macho yake alihitaji kwanza pikipiki na barabara ile ya Kindu ambayo wakati wa mvua humeza magurudumu, kisha ndege. Nani ana fedha hizo? Walioweza walikusanyika penye jenereta na runinga, wakachangishana mafuta. Watu waliochanga faranga zao ili kuitazama timu yao ikicheza mbali na kwao hawapaswi kuambiwa wavumilie bila maelezo.

Kwa hiyo mechi ya Léopards ikiisha vibaya, tunawaomba vijana wetu wasivunje kibanda cha mtu na wasimwulize mchezaji kabila lake. Hasira hiyo ipelekeni Kindu, kwenye ofisi za mkoa na za chama cha mpira, mkiwa na barua na mkiwa wengi. Ipelekeni kwa wabunge wa Pangi wanaotukumbuka wakati wa kura, ambao hununua jezi na mipira michache kisha kupotea.

Maswali ya kuandika kwenye barua hiyo yanahusu mambo mawili tu. Uwanja wa Kindu unakosa nini hasa ili CAF iukubali, kazi hiyo itagharimu kiasi gani, na ni nani, kwa jina, aliyepewa jukumu la kuimaliza? Na ligi ya watoto chini ya miaka 17, kuanzia Kampene, Kalima, Punia hadi Kasongo, itaanza tarehe gani?