Ukuta wa Udongo Nao ni Ukuta

Mthamini aliyekuja kijijini kwetu, upande wa Geita, kukagua nyumba zilizotakiwa kupisha mgodi, aliutazama ukuta wa bibi yangu kwa dakika moja, akaandika katika fomu: "udongo". Basi. Neno moja kwa nyumba nzima. Habari ya malipo ina mahali pake. Ugomvi wangu ni na hilo neno.

Ndugu msomaji, nenda Kilwa Kisiwani. Kuta za Husuni Kubwa, za matumbawe na chokaa, zimepimwa na kuchorwa. Peter Garlake alichapisha kitabu kizima juu ya majengo ya kale ya pwani mwaka 1966. Neville Chittick akafuata mwaka 1974 na majuzuu mawili juu ya Kilwa peke yake. Ni kazi njema, wala siwaonei wivu. Lakini nani kijijini kwetu amemwona mtu ameshika futi kamba mbele ya msonge, ila kama anataka kuubomoa?

Utaambiwa udongo haudumu. Naam, haudumu, na ndiyo sababu ya kuharakisha! Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Waziri anaweza kutangaza na ya baadaye, ni kweli, lakini kipimo chenyewe kilikatwa kwa ajili ya mawe. Ukuta gani wa fito na udongo utavumilia mchwa na masika tangu 1863?

Wala usiniambie hakuna cha kusoma. Lipu ya bibi ilipobanduka karibu na mlango nilihesabu matabaka saba. La ndani kabisa lilikuwa udongo wa kichuguu. Yaliyofuata yalichanganywa na samadi ya ng'ombe, maana nyuzi za majani zilizomo huzuia nyufa. Tabaka moja halikuwa na samadi hata kidogo. Nilipomwuliza, bibi alijibu papo hapo: mwaka ule ng'ombe waliisha.

Hayo yalihitaji nini? Daftari, picha mbili tatu, na mtu wa kumwuliza mwenye nyumba kabla tingatinga halijawashwa. Fomu ya mthamini hupita kila mlango. Iongezwe ukurasa mmoja: unene wa ukuta, aina ya miti, matabaka ya lipu, na jina la aliyekandika. Bila ukurasa huo, nyumba isibomolewe.

Ukuta wa bibi niliupima mwenyewe, bila futi: unene wake shibiri moja na vidole viwili.