Toeni Picha Zilizolala Kwenye Simu

Ndugu zangu wa Mbeya na Iringa, ombi langu ni moja, na nalileta kwa kila mwenye simu yenye kamera: picha za siku za kawaida mlizonazo humo ndani, zitoeni. Za harusi na mahafali sina wasiwasi nazo, hizo hazikosi wa kuzisambaza. Nasema ile uliyopiga ukisubiri daladala Kabwe asubuhi ya Julai, watu wamejikunyata ndani ya makoti na mvuke unapanda kutoka kwenye birika la muuza kahawa. Ile ya vijana wa Kihesa wanaosha bajaji jioni. Ile ya bibi anayeanika mahindi uani huku kuku wanamzunguka. Uliipiga kwa sababu jicho lilivutwa, kisha ikafunikwa na mamia ya picha nyingine. Siku simu ikiibwa, au ikitumbukia kwenye ndoo ya maji, itakwenda nayo.

Chukulieni Mwanjelwa, Mbeya. Soko la zamani liliungua mwaka 2006. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana kitambulisho cha kupigia kura, na akisimuliwa habari za soko lile hana pa kuanzia: vibanda vilipangwaje, mitumba ilikuwa upande gani, mama lishe waliketi wapi. Soko la SIDO nalo likaungua 2011, likaungua tena 2017. Picha za moto tunazo. Moshi, mabati yaliyojikunja, watu wanakimbia na mabegi kichwani, zote hizo zilipigwa na kusambazwa nchi nzima. Picha za siku moja kabla ya moto, wakati mtu anapima maharage na mwingine anabishania bei ya ndala, hizo ndizo adimu. Na mfanyabiashara aliyepoteza kila kitu angefurahi mno kukiona tena kibanda chake kikiwa kimejaa bidhaa.

Sasa hivi yako mambo mengine yanayoondoka bila moto. Upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne, kipande cha kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, unabadilisha sura ya Jiji la Mbeya kuanzia Uyole, Mama John, Mafiati, Soweto, Nzovwe mpaka Iyunga. Barabara tunaihitaji, na aliyewahi kukwama kwenye foleni ya malori yanayokwenda Tunduma hana haja ya kuelezwa kwa nini. Ila kando ya barabara ile palikuwa na gereji, miti, vibao vilivyoandikwa kwa mkono, na benchi ambalo wazee walilikalia kila jioni. Iringa nako mabasi yalihamia Igumbilo. Stendi ya katikati ya mji, na kelele zake zote za mawakala na wauza karanga, imebaki kwenye kumbukumbu za waliosafiri enzi hizo. Mwenye picha yake ameshika kitu ambacho halmashauri haiwezi kukijenga upya kwa bajeti yoyote.

Tuulizane pia picha zetu za zamani ziko wapi. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na baadhi yao walikuwa na kamera. Picha walizopiga Unyakyusa zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani, kwenye nyaraka za kanisa lao. Katika miaka ya 1930 walikuja wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, wakaishi na wenyeji, wakaandika na kupiga picha. Kitabu cha Monica, Good Company, kilichapishwa 1951, na daftari na picha za wawili hao ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Nawashukuru waliozitunza, maana bila wao tusingekuwa na kitu. Lakini mjukuu wa Tukuyu anayetaka kumwona babu wa babu yake akiwa shambani anaelekezwa Ulaya au Afrika Kusini. Halafu akifika anaweza kukuta maelezo yanayotaja kabila na kazi, jina la mtu halimo. Ndivyo picha nyingi za zama zile zilivyoandikwa: mwanamke akitwanga, wazee wakiwa barazani. Nani hao? Aliyejua amekwisha kufariki.

Kwa hiyo ninapoomba picha, naomba na maneno yake. Picha iliyokuja bila jina la mahali na mwaka inaanza kufa siku ileile. Wengi hawajui kwamba ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaipunguza ukubwa na kuondoa taarifa za tarehe na mahali ilipopigwa ambazo simu ilikuwa imezihifadhi. Anayeipokea anapata sura tupu. Ukitaka ifike kamili, itume kama dokumenti. Hata hivyo, chini yake andika mstari mmoja wa Kiswahili cha kawaida: hapa ni wapi, mtaa au kijiji gani, mwezi na mwaka gani, nini kinafanyika, na jina la mtu kama ameridhia. Mstari huo mmoja ndio ambao Herrnhut wangetamani kuwa nao leo.

Ninayo picha niliyopiga dirishani mwa basi pale Ruaha Mbuyuni, bondeni, kabla gari halijaanza kuupanda Mlima Kitonga. Jua ni kali. Mama ameinua ndoo ndogo ya plastiki juu ya kichwa chake ili ifike dirishani, imejaa vitunguu vyekundu vilivyorundikwa kupita ukingo, na mkono wa abiria umetoka nje na noti iliyokunjwa. Kiunoni kanga imefungwa fundo, na fundo limevimba kwa chenji. Nyuma yake msichana mwingine anakimbia na ndoo yake kuwahi dirisha la mbele. Ufundi haumo, maana vumbi la kioo limeacha doa upande wa kulia. Lakini ukiitazama unaelewa kwamba kipimo cha biashara hii ni ndoo, kwamba bei inapatanwa huku injini inanguruma, na kwamba mama huyu ana dakika mbili za kuuza kabla dereva hajakanyaga mafuta. Hakuna ripoti ya kilimo iliyowahi kunionyesha hayo kwa mara moja.

Au fikirieni gunia la viazi la Uyole, lile la lumbesa, lililojazwa likafungwa kilemba kwa kamba mpaka linamzidi kimo kijana anayelibeba. Wakala wa Vipimo wamelipiga vita kwa miaka, na sheria inataka mzigo wa shamba usizidi kilo 100. Mkulima wa Umalila analalamika mwaka hadi mwaka kwamba ananyonywa. Malalamiko yanasikika na kusahaulika. Picha ya mtu amesimama ubavuni mwa gunia hilo, yenye tarehe na jina la soko, haisahauliki kirahisi hivyo, na haihitaji kumtukana mtu yeyote.

Wapo waliotangulia kwenye kazi hii. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Leo ukuta wa duka lile ni mahali pa kwenda kuuona mji wa Zanzibar wa enzi za wazee, mitaa yake na watu wake. Bara, Muhidin Issa Michuzi alipoanza kuweka picha zake mtandaoni mwaka 2005, Watanzania walioko ughaibuni waliamka nazo kila siku. Na huku kwetu Maggid Mjengwa, mwandishi wa habari aliyeweka makazi Iringa, alipita vijijini na mitaani akaonyesha watu ambao magazeti ya Dar es Salaam yalikuwa hayana nafasi nao: mwendesha baiskeli, muuza mkaa, watoto wanaotoka shule. Hao walikuwa watu wa kamera kwa kazi yao. Siku hizi kamera iko mfukoni mwa muuza maparachichi mwenyewe. Anayajua mambo ambayo mwandishi wa habari hawezi kuyaona kwa kupita tu, na hicho ndicho kinachonipa moyo.

Kuna picha ambazo siziombi, na hapa nawasihi kwa dhati. Lori likifeli breki kwenye mteremko wa Iwambi, au basi likipinduka Kitonga, picha za marehemu zinafika kwenye makundi kabla ndugu hawajapigiwa simu. Mama amewahi kumjua mwanawe kwa shati, kwenye simu ya jirani. Tafadhali, hizo msizipige, na mkitumiwa msizisambaze. Mikono yenu iwe na kazi ya kumtoa mtu kwenye gari. Vilevile mgonjwa kitandani, mlevi aliyelala mtaroni, mtoto asiye na mzazi pembeni, kambi ya jeshi, gereza: simu ibaki mfukoni. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Ila kabla ya sheria tulikuwa na adabu. Unamwamkia: shikamoo mama, naomba nipige picha ya biashara yako. Akikubali, unapiga, kisha unamwonyesha, na ukirudi tena unamletea moja iliyochapishwa. Akikataa, unamshukuru, unanunua nyanya zako, unaondoka. Mimi nimeona kwamba wengi wanaokataa wanakataa kwa sababu waliwahi kupigwa picha na mgeni aliyewapita kama mti, na wengi hubadilika wakiombwa kwa heshima.

Msisubiri simu ya bei kubwa. Futeni kioo cha kamera kwa kitambaa safi, kwa sababu mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ukungu mwingi kuliko ubovu wa simu. Tumieni mwanga wa asubuhi, ambao nyanda zetu zimejaliwa. Sogeeni karibu kwa miguu badala ya kuvuta kwa vidole. Basi.

Na mada hazijaisha. Msimu wa mvua ukifika, nani atatuonyesha ulanzi tangu mwanzo, mgema akikata ncha ya mwanzi mchanga na kutega mbeta, mpaka siku ya pili akirudi kukinga? Nani atakaa na mama wa Kihehe akipiga picha hatua kwa hatua jinsi milulu inavyogeuka kikapu? Kikapu chenyewe kinauzwa mpaka Ulaya, mikono iliyokisuka haionekani. Wavuna chai wa Mufindi kwenye ukungu, wapasua mbao wa Mafinga, wakulima wa kakao wa Kyela wanaoanika mbegu kwenye mikeka, abiria wa TAZARA wanaoteremka stesheni ya Mbeya wakiwa na ndizi na jogoo. Ni mambo mnayoyaona kila wiki mpaka mmeacha kuyaona.

Pa kuzipeleka papo. Kundi la mtaa au la ukoo ni mwanzo mzuri, mkikubaliana kwamba Jumamosi ni siku ya picha za nyumbani, na salamu za maua yenye maandishi zipumzike siku hiyo. Wenye bando la kutosha wapeleke kwenye Wikimedia Commons, mahali ambapo picha inawekwa kwa ruhusa ya kutumiwa na yeyote, kisha itumike kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Humo kata zetu nyingi zina makala ya mistari michache bila picha hata moja. Wanafunzi wa vyuo vya Mkwawa, Iringa na MUST, kazi hii inawafaa sana. Walimu wa sekondari, chagueni ukuta mmoja wa darasa, mwombeni kila mwanafunzi alete picha moja ya kazi inayofanyika nyumbani kwao pamoja na mistari mitatu ya maelezo, na mtakuwa mmefundisha historia, jiografia na uandishi kwa pamoja. Watu wa Iringa mnalo Boma, jengo la Wajerumani lililofanywa makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Nendeni mkaongee nao kuhusu picha za wananchi. Mbeya, jiji kubwa kama hili, tuanze na ofisi za mitaa na kumbi za makanisa na misikiti hadi tutakapopata pa kwetu.

Chapisheni pia. Picha iliyosafishwa studio na kuwekwa kwenye bahasha kavu haihitaji chaji wala nywila. Simu tunabadilisha kila baada ya miaka michache, na kila tunapobadilisha tunaacha kitu nyuma.

Mwisho, ile picha ya rangi nyeusi na nyeupe iliyobandikwa sebuleni kwa bibi, yenye watu wanne waliosimama wima mbele ya pazia la studio. Iteremsheni leo au kesho, muipige picha mahali penye kivuli ili kioo kisimulike, halafu mketi naye. Muulizeni ni mwaka gani, studio ilikuwa mtaa gani, nguo zile walizishona kwa fundi nani, na aliyeazima viatu ni yupi. Rekodini sauti yake akieleza. Kisha geuzeni picha, chukueni kalamu ya risasi, na mwandike majina nyuma, kuanzia aliyesimama kushoto.