Kengele ni ya mashine, salamu ni zetu

Huku London baridi imeanza kubisha hodi, na sisi wabeba maboksi tunaendelea kupambana hivyo hivyo.

Tangu niandike kwamba nimenunua ile spika ndogo ya mezani inayoongea, nimepata maswali mengi kuliko siku niliyoandika habari za viza. Wengi mnataka kujua inafanya nini. Ila shangazi yangu mmoja hakuuliza swali, alitoa hukumu kabisa: "Mtu anayekumbushwa na redio kumpigia mama yake, huyo ana mama kweli?" Leo nataka kumjibu, kwa heshima zote, maana naona ana haki nusu.

Kwanza tuelewane. Ndani ya spika hizi kuna msaidizi wa sauti. Wa Amazon anaitwa Alexa, na spika yake iliingia Uingereza mwaka 2016. Google wana wa kwao, na Apple wana Siri, aliyekuja na simu zao mwaka 2011. Unaweza kumwagiza jambo la mara moja, mathalani afungue redio. Lakini utamu wake hasa ni kumpangia ratiba inayojirudia. Unafungua programu yake kwenye simu, unachagua siku, unachagua saa, unachagua kazi, basi. Kuanzia hapo kukumbuka ni juu yake.

Kwangu mimi, kila siku ya kazi alfajiri anawasha taa, ananitajia hali ya hewa, halafu redio. Jumanne jioni ananikumbusha kutoa pipa la taka, maana mtaani kwetu gari la taka lina siku yake, ukilikosa utaishi na harufu mpaka lirudi. Intaneti ikikatika, hayo yote hakuna. Na mimi naongea naye Kiingereza, kwa hiyo saa lazima nizigeuze kichwani: saa kumi na mbili yetu ya asubuhi kwake ni saa sita. Ukimtajia kumi na mbili atakuamsha mchana, bosi ameshakufuta kazi, teh teh.

Sasa nije kwa shangazi. Huku mtu una zamu ya usiku wiki hii, ya mchana wiki ijayo, na katikati kuna saa nzima ya kusimama ndani ya basi. Siku zinapita hujui hata zimepitaje. Kwa hiyo Jumatano na Jumapili jioni spika inaniambia: piga simu nyumbani. Sioni aibu yoyote hapo. Shangazi, wewe mwenyewe unaisikia adhana mara tano kila siku, na majirani zako Wakristo wanasikia kengele ya kanisa kila Jumapili. Hakuna aliyewahi kusema kwamba anayeitwa hivyo hana imani. Binadamu anasahau, ndiyo maana anaitwa. Lakini muadhini akishaita, hakuswalii. Kuswali ni kwako wewe.

Na hapo ndipo ilipo ile nusu ya haki ya shangazi. Wapo wenzetu huku ambao hawaiachii mashine kengele tu, wanaiachia na salamu yenyewe.

Jamaa yangu mmoja alipanga simu yake imtumie baba yake ujumbe kila siku saa moja asubuhi ya nyumbani: "Shikamoo baba, nategemea mmeamka salama. Siku njema." Wakati wa baridi hiyo ni saa kumi ya usiku hapa London, na yeye ana zamu za usiku, simu inakaa kwenye kabati la kazini. Ilikwenda hivyo miezi tisa. Mzee alifurahi mno, mpaka akawa anawaonyesha majirani: mwanangu yuko Ulaya lakini hakuna siku inapita hajaniamkia.

Usiku mmoja yule mzee akafiwa na kaka yake. Watu wakampigia jamaa, simu iko kabatini. Asubuhi, nyumba imejaa, kina mama wanalia, simu ya mzee ikaita mlio wa ujumbe: nategemea mmeamka salama, siku njema. Mzee akausoma mbele ya watu waliokuwa wanangoja kusikia mtoto amesema nini kuhusu msiba. Hakugomba. Alijibu neno moja tu: "Marahaba." Jamaa anasema ile marahaba inamuuma mpaka leo kuliko angetukanwa.

Mtu atasema teknolojia ndiyo mbaya. Hapana, simu ilifanya kazi yake bila kukosea hata dakika. Tatizo ni aina ya kazi iliyopewa. Salamu ya Kiswahili ni swali. Ukisema habari za asubuhi, unaulizia habari, na anayeulizwa ana jibu lake. Nanyi mnajua jibu letu lilivyo. Mtu ataanza na "nzuri", hata kama nyumba inawaka moto. Utauliza za watoto, atasema salama. Utauliza za wazee, atasema salama, halafu kidogo kimya, halafu: "Ila..." Habari yote iko baada ya hiyo ila. Mashine haingoji ila. Imeshatuma, imeshamaliza, inangoja kesho.

Kwa hiyo kipimo changu mimi ni hiki: jambo lisilongoja jibu, mpe mashine. Taa, pipa la taka, hata fedha ya dawa za mama kutoka benki kila tarehe moja, hiyo ni bora ijiendeshe yenyewe, maana mama anahitaji uhakika zaidi ya kitu kingine. Jambo linalongoja jibu, fanya mwenyewe, hata kama ni mara mbili tu kwa wiki.

Na hata hiyo kengele inataka jicho. Yangu inalia saa moja jioni ya London. Majira ya joto Tanga inakuwa saa tatu usiku, mama ndiyo kwanza amemaliza kula. Lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wanarudisha saa nyuma, tofauti yetu inakuwa saa tatu badala ya mbili, na kengele ile ile inalia Tanga ikiwa saa nne, mama kashalala. Mchezo huu wa kusogeza saa aliupigia debe mjenzi mmoja wa nyumba, William Willett, tangu mwaka 1907. Alikufa 1915, sheria ikapita 1916, na mpaka leo tunausogeza. Kwetu karibu na ikweta jua halina mambo hayo, huku Juni linazama baada ya saa tatu usiku na Desemba kabla ya saa kumi jioni. Spika inaifuata saa ya London tu, saa ya mama haijui. Ndiyo maana kila Oktoba kengele yangu naisogeza iwe saa kumi na mbili jioni.

Nina ombi kwa pande zote mbili. Wenzangu wa ughaibuni, kama una ujumbe unaojituma wenyewe kwa wazazi, ufute leo, weka kengele mahali pake. Na ninyi wa nyumbani, ukiona mtoto anakuamkia kwa maneno yale yale, dakika ile ile, kila siku, usiwaonyeshe majirani kwanza. Mtumie jibu refu lenye ila ndani yake, uone kama atapiga.

Shangazi, wewe nitakupigia Jumapili. Spika itanikumbusha, lakini nitakayeongea ni mimi.

Haya, tuko pamoja. Wasalimieni wote.