Ushauri wa chakula uanzie jikoni mwa mgonjwa

Hivi majuzi alikuja katika kliniki yangu mjini Nakuru mwalimu mmoja mstaafu ambaye nimekuwa nikimtibu ugonjwa wa kisukari kwa miaka mitatu. Kiwango cha sukari katika damu yake kilikuwa kimepanda tena na miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi. Nilimuuliza kama alikuwa akifuata karatasi ya mlo niliyompa. Mkewe, aliyekuwa ameketi kando yake, ndiye aliyejibu: "Daktari, hivi vyakula ulivyoandika huuzwa soko gani?"

Niliichukua karatasi ile nikaisoma upya. Ilitaja mafuta ya zeituni, shayiri ya pakiti na samaki wa bahari za nchi za baridi. Nilikuwa nimeigawa kwa wagonjwa miaka nenda miaka rudi bila kujiuliza ni nani angeweza kununua vitu hivyo. Kosa halikuwa la mwalimu. Lilikuwa langu.

Ni maoni yangu kwamba sisi madaktari tumewafanya wagonjwa wengi waamini kuwa chakula cha afya ni cha watu wengine, na kwamba anayeugua lazima akihame chakula cha kwao. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa hujaribu wiki mbili, fedha zinamwishia, kisha anarudia chai ya sukari na mkate. Jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 hapa nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya watu 9 kati ya 10 hawakuwa wakila mboga na matunda ya kutosha.

Tangu siku ile nimeiweka karatasi kando. Badala yake humuuliza mgonjwa maswali matatu.

La kwanza ni hili: mama yako alikuwa akipika nini? Mama yangu, kule Kakamega, alipika kunde, mrenda, managu na saga. Managu na saga alizitia maziwa akaziacha zilale usiku kucha ili uchungu upungue. Mboga hizo zina madini ya chuma na vitamini A kwa wingi, na bado huuzwa kwa mafungu kando ya barabara. Anayezila na akamulie ndimu, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya majani inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake, kwa hivyo ni heri isubiri saa moja hivi.

Swali la pili: sokoni kuna nini mwezi huu? Mvua ya masika inaponyesha, kati ya Machi na Mei, mboga za kienyeji hujaa na bei hushuka. Huo ndio wakati wa kula kwa wingi na kuweka akiba. Mama zetu waliyakausha majani ya kunde wakayala wakati wa kiangazi. Ni vyema kuyakausha kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huharibu sehemu ya vitamini A. Maembe yanapoiva nayo, mgonjwa wa kisukari hana haja ya kuyatazama kwa macho tu. Ale kipande kimoja au viwili baada ya mlo, lakini asinywe juisi yake, kwani glasi moja hubeba sukari nyingi.

Swali la tatu huwashangaza wengi: umewahi kuishi wapi? Mimi nilipokuwa daktari kijana nilifanya kazi Kilifi. Nilifika huko nikiwa na mazoea ya kunyunyiza chumvi kabla hata sijaonja. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akipika samaki kwa embe bichi, ukwaju, kitunguu saumu na pilipili, akitia chumvi kidogo sana. Baada ya miezi michache ulimi wangu ulikuwa umezoea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyofichwa katika viungo vya pakiti na mkate. Leo ninapomwambia mgonjwa wa shinikizo la damu apunguze chumvi, humwambia pia atie nini mahali pake. Mama yule alinifunza jambo jingine: tui la kwanza, yaani kasimile, ndilo zito lenye mafuta mengi. Anayechunga moyo wake anaweza kupikia tui la pili, tena si kila siku.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, lakini si kila kilichotoka kwa nyanya ni dawa. Kuchemsha mboga kwa magadi mpaka ziwe laini kama uji huharibu vitamini C na huongeza sodiamu, ambayo ni mbaya kwa mwenye shinikizo la damu. Maji ya majivu ambayo Waluhya huita musherekha yana potasiamu nyingi na yanaweza kumdhuru mgonjwa wa figo. Kadhalika, wengi hudhani ugali wa wimbi hauongezi sukari mwilini, kwa hivyo wanaula bila kipimo. Wimbi nao ni wanga. Ugali uwe robo ya sahani, mboga nusu yake, na robo iliyobaki iwe maharagwe, samaki au nyama. Aidha, asidanganyike mtu kuacha dawa zake kwa sababu amerudia mboga za kienyeji.

Mwalimu wangu amerudi baada ya miezi mitatu. Sukari imeshuka, ingawa haijafika tunapotaka, na ganzi ya miguu bado ipo. Anaendelea na dawa. Tofauti ni kwamba mkewe sasa anajua la kupika, na mume anakula kile ambacho nyumba nzima inakula.

Mwaka wa 2018 serikali pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa zilitoa kitabu cha mapishi ya Kenya chenye kuonyesha virutubishi vilivyomo katika kila chakula. Kwa hivyo hatuwezi kusingizia ukosefu wa maarifa. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti. Kila kaunti na ichapishe ushauri wake kwa lugha ambayo wagonjwa wake wanasoma, ikitaja mboga za soko lake na miezi zinapopatikana kwa bei nafuu. Nasi madaktari, kabla ya kuandika chochote, tumuulize anayepika nyumbani ana nini chunguni.